Usimwite Mpenda Michezo

Mwaka 2024 niliombwa kuandika risala ya kumuaga mwalimu aliyenifundisha kukimbia. Nilikubali haraka. Katika wanafunzi wake mimi ndiye niliyeishia kwenye kazi ya kuandika, na nilidhani namjua. Sentensi ya pili ya risala ile ilimtaja kuwa "mpenda michezo wa muda mrefu". Watu walipiga makofi. Makala hii naiandika kulifuta neno hilo, na kama nawe umewahi kuliandika mahali, nakuomba ulifute.

Sherehe ilifanyika Gendabi, kata ya wilaya ya Hanang mkoani Manyara, chini ya mlima wenyewe wa Hanang, si mbali na Katesh. Kulikuwa na turubai, viti vya plastiki vya kukodi na spika moja iliyokuwa inakoroma kila mgeni rasmi alipofika kwenye jambo la maana. Mwalimu alipewa mabati 20, mablanketi mawili na mtamba. Baada ya chakula akaniita pembeni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ile risala umeandika wewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Marehemu baba yako alikuwa fundi uashi."

"Ndiyo."

"Nusu ya nyumba unazoziona hapa amezijenga yeye. Siku ya mazishi yake mlimwita mpenda matofali?"

Akacheka, akanigonga begani, akaenda kuwasalimia wageni waliotoka Mbulu. Mimi sikucheka. Nilikaa na lile swali kwenye basi hadi Arusha, na bado ninalo.

Neno "mpenda michezo" ni malipo. Tunamlipa nalo mtu ambaye hatuna nia ya kumlipa kitu kingine. Lina ndugu zake: "mdau", "mhamasishaji", "mzee wetu wa michezo". Ukisikia mtu anaitwa hivyo kwenye hadhara, jua kuna kazi imefanyika miaka mingi na hakuna fungu lililowahi kutengwa kwa ajili yake. Na ubaya wa neno lenyewe ni kwamba linasikika kama sifa. Anayependa hadai, hachoki, hahitaji saa wala kamba ya kupimia, na akistaafu upendo wake unaendelea bure.

Basi niseme alichokuwa akifanya mpenda michezo huyu, maana kwenye risala sikusema.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kwenye ratiba alikuwa na Hisabati, na miaka ya karibuni na somo lile la Haiba na Michezo, ambalo shule nyingi zililitumia kufidia vipindi vya masomo yanayotahiniwa. Ukocha haukuwa kwenye ratiba yoyote. Ulianza saa kumi jioni, kwenye uwanja ambao upande mmoja umeinama kuelekea korongoni. Uwanja ule haukutosha mita 400. Aliupima kwa kamba ya katani yenye fundo kila baada ya mita kumi, akapata 310, akachora njia kwa majivu ya jikoni. Kila mvua iliponyesha alichora upya. Mahesabu yote ya mazoezi aliyafanya kwa duara la mita 310, kichwani, huku akishika saa ya Casio ambayo mkanda wake ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa viatu.

Alikuwa na siku za mlima na siku za tambarare. Siku za mlima tulipanda mbio na kushuka kwa kutembea, na aliyeshuka mbio alirudishwa nyumbani, kwa sababu magoti ya mtoto huharibikia kwenye mteremko. Siku za tambarare alitutaka tukimbie huku tunaongea. Sheria ilikuwa moja: ukishindwa kumaliza sentensi, unakwenda kasi mno. Nilidhani ni mchezo wa kutufurahisha. Miaka kumi baadaye, nikiwa chuo, nikasoma kwamba makocha duniani kote hutumia kipimo hicho hicho kujua kama mkimbiaji yuko kwenye kasi nyepesi. Mwalimu alikuwa ameusoma ukurasa huo kabla yangu, au aliufikia mwenyewe kwa kutazama vifua vyetu.

Na kulikuwa na kazi nyingine ambayo haimo kwenye kitabu chochote cha riadha. Alikwenda kwa akina baba. Binti akianza kukimbia vizuri akiwa na miaka kumi na nne, kumi na tano, maneno ya mahari huwa yameshaanza kusogea. Mwalimu alikwenda jioni, akakaa kwenye kigoda, akaulizia mifugo kwanza, mvua, afya ya mama, ndipo akafika kwenye miguu ya binti. Nyumba nyingine alirudi mara nne. Nyingine alikaribishwa vizuri, akasindikizwa vizuri, na binti hakuonekana tena uwanjani. Wavulana wa mifugo nao aliwapangia mazoezi kwa kufuata njia ya ng'ombe: kutoka kisimani hadi mti fulani ni kilomita moja na mita mia mbili, unaenda na kurudi mara tatu ng'ombe wakinywa maji. Alikuwa amezipima njia hizo kwa kamba yake ile ile.

Mimi mwenyewe nilikimbia mita 1500 kwa dakika 4 na sekunde 12. Muda huo ulinitosha kufika mashindano ya UMISSETA ngazi ya mkoa na kurudi nyumbani bila kitu. Siku moja aliniambia waziwazi kwamba sitakuwa mkimbiaji, nisome. Ilikuwa jioni mbaya sana ya ujana wangu. Lakini hiyo nayo ni kazi ya kocha, na watu wachache wana moyo wa kuifanya.

Sasa nije kwenye hewa. Hakuna kitu kinachonikera kama hewa. Ukitaja wakimbiaji wa Mbulu na Hanang mbele ya watu wa Dar, lazima mmoja atasema: "Kule ni mwinuko, wana mapafu." Anasema kwa kuwasifu. Lakini hewa ya Hanang iko pale tangu mlima ulipokuwa volkano hai, na tuliipumua wote, hata mimi wa 4:12. Kama ni hewa tu, tungekuwa na mabingwa kila nyumba. Nadharia ya mapafu inapendwa kwa sababu inafuta deni. Hewa haina mshahara wala haipandi daraja.

Tazama tunavyosimulia mashujaa wetu. John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu, alianguka kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akaumia goti, akamaliza wa mwisho giza likiwa limeingia. Maneno aliyosema baadaye kila mmoja anayajua, yamebandikwa hadi kwenye kuta za ofisi Ulaya. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 Christchurch tarehe 2 Februari 1974 kwa 3:32.16, akiongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Gidamis Shahanga, mtoto wa Katesh hapa hapa, alichukua dhahabu ya marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola Edmonton 1978, kisha ya mita 10,000 Brisbane 1982, na nyuma yake siku hiyo alikuwa Mtanzania mwingine, Zakaria Barie. Haya tunayasimulia vizuri. Sasa jaribu kumuuliza kijana yeyote mwenye shahada jina la kocha wa Bayi. Aliitwa Erasto Zambi. Nimeuliza watu wengi, wakiwemo waandishi wa michezo, na waliolijua hawajazi vidole vya mkono mmoja.

Lakini watu hao hao watakueleza kwamba Alex Ferguson alianzia East Stirlingshire mwaka 1974, timu ndogo ya Scotland, kabla ya St Mirren na Aberdeen. Watakupa kila kituo. Siwalaumu kwa kujua hayo, mimi pia nayajua. Nauliza tu nani alituandikia ya Ferguson, na kwa nini hakuna aliyetuandikia ya kwetu. Jibu la swali la pili linatuhusu sisi wenye kalamu kuliko linavyoihusu wizara yoyote.

Usiku mmoja baada ya ile risala, nikitafuta namna nyingine ya kumwandikia Mwalimu, nilikutana na mtu aitwaye John Gagliardi. Alikuwa kocha wa mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, wenye mpira kama papai. Usidhani alikuwa kwenye vyuo vikubwa vya televisheni. Huko makubwa ni mengine: katika majimbo mengi ya Marekani, mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote, gavana akiwemo, ni kocha wa timu ya chuo kikuu. Gagliardi alifundisha Saint John's, chuo kidogo cha watawa wa Kibenedikto huko Collegeville, Minnesota, kwenye daraja ambalo mchezaji hapewi hata ada kwa sababu ya mchezo. Alianza ukocha akiwa na miaka 16, kocha wa shule yake alipochukuliwa kwenda Vita vya Pili vya Dunia. Alifika Saint John's mwaka 1953 na akastaafu mwaka 2012. Hakuruhusu wachezaji wamwite "kocha", aliitwa John. Mazoezini hakutaka waangushane, wakati mchezo wenyewe ni wa kuangushana.

Na idadi yake inajulikana. Ushindi 489, kushindwa mara 138, sare 11. Hakuna kocha wa chuo aliyeshinda mechi nyingi kuliko hizo katika mchezo ule. Kilichonishika mimi hakikuwa 489. Kilikuwa zile sare 11. Mtu fulani, katika chuo kidogo kati ya misitu ya Minnesota, aliona ni vema kuandika hata siku ambayo hakuna aliyeshinda.

Najua pingamizi linalokuja: Marekani ina pesa. Ina pesa, ndiyo. Ila daftari na kalamu si pesa. Shule zetu zinaandika mahudhurio kila asubuhi. Tunaandika nani amefika na nani hakufika, tunaandika kuku wa mradi wa shule, tunaandika michango hadi ya mia tano. Ikifika kwa mtoto aliyekimbia mita 800 kwa muda ambao hakuna mtoto mwingine wa kata hiyo aliwahi kuukimbia, tunapiga makofi, tunampa soda, tunaenda nyumbani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: Kenya nao hawana pesa za Minnesota, mbona wao wanaweza? Hapa nataka tuende Iten taratibu, maana watu huenda kule kutafuta hewa tena. Mwaka 1976 mtawa kutoka Ireland, Brother Colm O'Connell, alifika St Patrick's kufundisha Jiografia. Hakuwa amesomea ukocha wa riadha. Shuleni kwake akatoka Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 Seoul 1988. Miaka mingi baadaye, chini ya uangalizi wake, akatoka David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa 1:40.91 London 2012. Siri yake? Wengi watataja nidhamu, mlima, uji. Mimi nataja kitu kimoja kisicho na mvuto wowote: hakuhamishwa. Alifika na akabaki. Kosa alilofanya mwaka wa kwanza alikuwepo kulisahihisha mwaka wa tano, na mtoto aliyemwona akiwa na miaka kumi na mbili alikuwa naye hadi ishirini na mbili.

Gagliardi alikaa Saint John's misimu 60. Ukocha wa vijana ni kazi ya kukaa. Mkimbiaji huchukua miaka saba, minane kuiva, na hakuna njia ya mkato isiyomvunja.

Mwalimu wetu alihamishwa mara mbili. Mara ya kwanza barua ilimkuta na wasichana wanne ambao, kwa maneno yake, "walikuwa wanaanza kujua kukimbia". Barua haikumwadhibu wala kumpandisha, ilijaza tu pengo la mwalimu wa Hisabati kwingine. Aliyeiandika hakuwa na njia ya kujua kwamba anavunja timu, kwa kuwa mahali popote pa kiserikali timu ile haikuwepo. Kwenye jalada lake alikuwa Hisabati. Wale wasichana wanne, watatu waliolewa ndani ya mwaka mmoja na nusu. Mmoja anauza mitumba Babati, na ukimwona anavyotembea sokoni hutahitaji kuelezwa. Mwalimu alirudi Gendabi baada ya miaka minne, kwa kuomba mwenyewe na kwa gharama zake. Na katikati ya maisha yake ya kazi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, michezo ya mashule yenyewe ilisimamishwa nchi nzima kwa kipindi, ikarudishwa baadaye. Alichora majivu hivyo hivyo, bila mashindano ya kupeleka watoto.

Mtu mmoja niliyemweleza haya aliniambia, "Lakini kama angepewa cheo na posho, angeharibika. Hawa hufanya vizuri kwa sababu ya moyo." Hoja hii huwa inatolewa na mtu mwenye cheo na posho. Muuguzi ana moyo. Rubani ana moyo, tunatumaini. Hatuwaambii moyo ndio mshahara. Tuna chuo cha michezo cha serikali kule Malya, Kwimba, kinachofundisha watu kazi hii, maana yake taifa lenyewe limekubali kwamba ukocha ni ujuzi wa kusomewa. Halafu mtu anautumia ujuzi huo kijijini miaka thelathini tunamwandikia risala ya mapenzi.

Septemba 2025 Alphonce Simbu, kijana wa Singida, majirani zetu, alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia Tokyo kwa 2:09:48, sawa kwa sekunde na Mjerumani Amanal Petros, wakatenganishwa na mia tatu... sivyo, na mia tatu za sekunde ni nyingi mno. Sehemu tatu tu kati ya mia za sekunde moja. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Nililia mbele ya simu, sioni aibu. Kisha nikaona maoni yakimiminika, na yale ya juu kabisa yalikuwa mawili: moja la hewa, moja la kipaji. Sehemu tatu kati ya mia za sekunde baada ya kilomita 42! Huo ni umbali wa kifua. Kifua hicho mtu alikifundisha kuinama wapi, na lini.

Niliahidi kusema kilichonifanya nishindwe kuandika risala nzuri. Sikukosa maneno tu. Mwalimu alikuwa na kauntabuku. Tangu mwaka 1991 aliandika kila kitu: jina, tarehe, umbali, muda, hali ya uwanja, na wakati mwingine neno moja pembeni, "amelia", "hajala", "raba mpya". Zilikuwa saba. Alizihifadhi kwenye sanduku la bati chini ya kitanda.

Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka baada ya mvua kubwa. Tope, mawe na magogo vilishuka Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi kikiwemo. Watu zaidi ya 80 walikufa. Siwezi kuiweka karatasi kwenye sentensi moja na watu wale, na Mwalimu mwenyewe hakuwahi kuzitaja mbele ya watu, kwa sababu jirani zake walikuwa wanazika. Yeye na familia walitoka wazima. Chumba cha nyuma hakikubaki. Nilipoanza kuandika risala nikampigia simu kuomba kauntabuku nipate takwimu, akajibu, "Zilienda na tope, zimebaki mbili," akabadili mazungumzo. Nami nikafanya alichofanya kila mtu kabla yangu: nikaweka neno zuri mahali ambapo palitakiwa kuwa na namba.

Kumbukumbu yote ya riadha ya kata ilikaa chini ya kitanda cha mtu mmoja. Haikuwa na nakala shuleni, wala wilayani, wala kwenye kompyuta ya yeyote kati yetu tuliosomeshwa na miguu ile. Tope ni tope, halina wa kulilaumu. Lakini miaka 32 kabla ya tope, daftari zile zilikuwepo, na hakuna aliyeziomba. Mimi nilikuwa na simu yenye kamera tangu 2013.

Desemba iliyopita nilienda Gendabi na kauntabuku mpya. Tulikaa nje, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye ndoo iliyopinduliwa, tukaanza kuandika upya kutoka kichwani mwake. Kumbukumbu yake inatisha. Anaanza na uwanja: ulikuwa mkavu, upepo ulitoka kusini, fulani alikuwa ametoka kuugua malaria. Kisha muda. Pale asipokuwa na hakika anasema "acha wazi", na hakubali nikadirie. Siku mbili tulipata majina 64, na miaka ya tisini hatukuimaliza. Mkewe alituletea chai na viazi, akatuuliza kama tunaandika wosia.

Nilipofika kwenye jina langu nikaandika bila kumuuliza. Akanyoosha shingo, akasoma.

"Hiyo 12 umeitoa wapi?"

"Ndiyo muda wangu, Mwalimu. Wa mkoani."

"4:19," akasema. "Na uliongozwa na upepo. Futa."